Diski nilizouza zinadanganya, na moja iko Wete kwa mke wa ami

Assalaam alaykum Shangazi,

Jina langu na mtaa wangu naomba vibaki kwako. Nina miaka 27, nipo Unguja, na kazi yangu ni kuunganisha kompyuta za bei nafuu. Nachukua mashine za mezani za mtumba, zile zilizotoka maofisini Ulaya, nazitoa vumbi, nabadilisha pesti ya prosesa, naongeza rami kutoka gigabaiti 4 hadi 8, natia SSD ndogo ya kuwashia (diski ya kisasa isiyozunguka ndani), namtafutia mtu monita na kibodi. Anaondoka na mashine kwa laki nne na nusu au laki tano. Mpya ya dukani asingeigusa. Wateja wangu ni walimu, wanafunzi na wenye vibanda vya kuchapisha.

Kazi hii naipenda, Shangazi. Mashine inakuja imekufa, naichomoa rami, nayasugua meno yake kwa raba ya kufutia, nairudisha. Ikilia ule mlio wake mmoja mfupi, moyo wangu unafunguka.

Mwezi wa Rajab nilivuka kwenda Kariakoo kufuata vifaa. Kwenye duka moja la ghorofani nikaoneshwa diski za nje za SSD, terabaiti 1, elfu 45 moja. Nyepesi, ganda la bati la kijivu, hazina jina la kampuni. Nilijua kuwa ya kweli haiwezi kuwa bei hiyo. Nikajiambia labda ni mzigo wa kumalizia. Muuzaji akaichomeka kwenye laptopu yake, ikaandika terabaiti 1, nikaridhika. Nikachukua sita. Risiti sikupewa, wala sikuidai.

Tano nimeziuza kwa elfu 85 moja. Ya sita nikabaki nayo. Mwishoni mwa Ramadhani nilitaka kuhifadhi vitu vyangu, nikaona inanakili kwa megabaiti 18 kwa sekunde. Nikaingia shaka. Nikaipima kwa programu ya H2testw, ikaandika usiku kucha na siku ya pili yake. Jibu lake: gigabaiti 59 tu ndizo nzima, zilizobaki zote zimepotea. Nikachukua bisibisi nikaifungua. Ndani hamna SSD. Mna kibao kama kidole gumba, na kadi ya kumbukumbu kama za simu imegandishwa kwa gundi. Nilikaa nayo mkononi mpaka adhana ya Magharibi.

Wawili katika watano ni walimu, wanaweka mitihani na maandalio ya masomo. Hao hawatozifikia hata hizo gigabaiti 59. Mmoja anarekodi kaswida. Mmoja alikuwa msafiri, simjui alipo. Wa tano ni binti wa mke wa ami, yuko Wete, Pemba. Ami alishafariki. Mke wa ami ndiye aliyenilipia nauli na ada nilipokuwa nasoma, na mashine ya binti yake aliinunua kwa pesa za karafuu. Binti anapiga video za harusi upande wa wanawake. Mwezi wa Shaaban peke yake amepiga harusi nne, na zote anazihifadhi kwenye diski yangu.

Sijamwambia mtu ila mwenzangu wa bandani. Yeye anasema: "Hukuiunda wewe. Bei waliiona. Anayetaka cha kweli atoe pesa ya kweli." Mimi nimefikiri nimwambie binti aniletee diski kwa boti niifanyie sevisi, nimhamishie vitu kwenye hard disk ya mtumba iliyo nzima, nimrudishie, yaishe. Nikisema waziwazi, watano watataka pesa, ni 425,000. Mkononi nina 160,000. Mchezo wetu wa kuchangiana pesa, zamu yangu ni Mfunguo Tatu, mwezi wa tatu baada ya Ramadhani.

Na kuna jengine. Wazee wangu wameshapeleka maneno ya posa Wete, na mtu anayeulizwa habari zangu huko ni huyohuyo mke wa ami.

Nifanyeje?

Fundi, Unguja

*

Wa alaykumu ssalaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilimkalisha pembeni kijana wa jirani anayefanya kazi kama yako, anifafanulie nisiyoyajua. Jina lako hakulisikia na barua yenyewe hakuiona.

Nikikuelewa sawasawa, uliuza kitu ukidhani, au ukitaka kudhani, kuwa ni kizima. Sasa unajua ni kibovu na walionunua hawajui. Ukisema, unaogopa deni usiloliweza, na jina lako kuharibika Wete wakati ndipo linapoulizwa. Ukinyamaza, vitu vya watu vinaendelea kupotea. Katikati umeona kichochoro: kubadilisha bila kusema. Hayo matatu ndiyo yanayokuzunguka.

Kabla hatujayagusa, kuna maneno umeyaandika ambayo hakuna aliyekuuliza. "Nilijua kuwa ya kweli haiwezi kuwa bei hiyo." Ungeweza kuyaruka, nami nisingejua. Nahisi hayo ndiyo yanayokukesha kuliko hizo 425,000. Mwenzako akikwambia hukuiunda wewe, anasema kweli, na bado hutulii, kwa kuwa swali linalokuuma wewe ni la ile dakika ya ghorofani, ulipoitazama bei kisha ukageuza macho. Dakika kama ile imempita kila mfanyabiashara ninayemjua. Iweke mahali pake tu, usiipunguze, wala usiifanye kubwa hata ukajiita mwizi.

Nalo lile la pili la mwenzako, kwamba bei waliiona. Waliiona, ndiyo. Lakini nani kati yao anajua diski ya terabaiti 1 inauzwaje? Mke wa ami yako anajua karafuu. Ukimpa punje moja atakwambia imekauka au bado. Kwenye diski alitazama kwa macho yako, na hiyo ndiyo sababu ya kuja kwako badala ya kwenda dukani.

Hapohapo sitaki ujitie yasiyokuwepo. Naona umeanza kuichanganya kazi yako yote na hizi diski, kana kwamba kuuza rahisi na kuuza feki ni kitu kimoja. Mashine ya ofisi yenye prosesa ya mwaka 2012 au 2013, ukamwambia mtu hii ni ya zamani, imetumika, itakufungulia maandishi na mtandao na video za kawaida, hiyo ni biashara safi na ni msaada mkubwa kwa mwalimu wa skuli. Iliyo rahisi inaonesha umri wake. Diski hizi zimeandikwa uongo ndani, ukiziuliza zenyewe zinakujibu terabaiti 1. Kijana wa jirani amenikumbusha tu kwamba mashine za umri huo Windows 11 haizitaki. Kwa prosesa za Intel inaanzia kizazi cha 8. Na Windows 10, Microsoft imeacha kuitolea masahihisho ya kawaida ya usalama tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Kama hilo wateja wako huwaambii, nalo lianze kusemwa. Lakini ni jambo la pembeni, tusilikalie.

Sasa nataka uhesabu upya. Umehesabu watu watano. Mimi kwa binti wa ami yako peke yake nahesabu mabibi harusi wanne, mama zao, na bibi zao waliocheza siku ile na mwakani huenda wasiwepo. Kanda ya harusi yangu iliota ukungu kabatini. Unyevu wetu wa pwani unaujua. Ndani yake alikuwemo bibi yangu mzaa mama akipiga vigelegele, na sauti yake sina pahala pengine pa kuisikia. Kila nikifikiria ile kadi yako iliyogandishwa kwa gundi, namfikiria yeye.

Pia unachukulia kuwa kwa vile binti hajalalamika, bado pana muda. Hapo nakuomba utizame tena, kwa kuwa unaijua hesabu kuliko mimi. Kijana ameniambia kamera ya kawaida inakula gigabaiti 10 au zaidi kwa saa. Harusi ya saa nne ni 40. Diski yako ina 59. Maana yake harusi ya pili haikumalizika kuingia, na ya tatu na ya nne huenda hazimo kabisa, ingawa majina ya mafaili yote yamepangwa pale, na ukubwa wake umeandikwa vizuri. Alinifananishia na mpokeaji mizigo wa bandarini anayeandika kila gunia daftarini, kisha gunia analitupa baharini. Daftari halina kosa hata moja. Na zipo nyengine zikijaa zinarudi mwanzo, zinaandika jipya juu ya la zamani, kwa hiyo hata harusi ya kwanza usiihesabu kuwa ipo salama. Binti hajalalamika kwa sababu hajarudi kuzifungua. Nani hufungua harusi ya mtu mwengine akishaimaliza?

Ndiyo maana naona hapa mna mambo mawili yanayokwenda kwa saa mbili tofauti, na wewe umeyafunga kamba moja. Kuna suala la jina lako na deni lako. Hilo linaweza kukaa wiki, likatafutiwa maneno na mtu wa kukusindikiza. Na kuna suala la diski iliyoko Wete, Mfunguo Mosi umeingia, na kila harusi anayoipiga inamwagwa mlemle. Hili la pili halisubiri mchezo wako utoke. Hata kama hujaamua lolote kuhusu la kwanza, unaweza leo kumwambia asiandike tena kitu kwenye ile diski, asiifomati, na kadi za kamera asizifute. Labda kadi za harusi za mwisho bado anazo. Labda mabibi harusi wengine walishapewa nakala zao kwenye flashi, na hilo peke yake litakupunguzia nusu ya mzigo. Hujui, kwa sababu hujauliza.

Akikuuliza kwa nini, hapo sasa ndipo penye uamuzi wako.

Twende kwenye kichochoro chako, cha kumwambia ni sevisi. Nakielewa. Kina huruma ndani yake, na pesa yake unaiweza. Lakini umefikiri ndani ya diski ile mna nini? Ni wanawake waliovua mabaibui yao, wamesukwa, wamepakwa hina, wanacheza wao kwa wao, wakiwa na yakini kuwa anayewapiga picha ni mwanamke mwenzao na hakuna jicho la mwanamme litakalopita pale. Binti wa ami yako anaaminiwa Wete nzima kwa hilo kabla ya hayo mengine. Ukiiomba diski ije Unguja kwa boti ili uhamishe wewe, utazifungua ujue ipi nzima ipi imeharibika? Hata usipozifungua, siku wakijua diski ilikaa bandani kwako, atajibu nini yeye? Utakuwa umeificha aibu ya bidhaa yako kwa kumwekea aibu nyengine asiyoijua. Na zile zisizofunguka utamwambia zimeharibikia wapi? Kwenye sevisi yako? Basi utakuwa umeungama kosa ambalo hukulifanya ili ulifiche ulilolifanya.

Kichochoro hicho kinapitika pengine kwa walimu wawili. Wao hawajazifikia zile gigabaiti 59, unawapa diski nzima, wanahamisha wenyewe mbele yako, hakuna kilichopotea. Hata hapo, ukiwaambia "nimegundua zile hazina ukubwa ulioandikwa", sioni kitakachokupungukia zaidi ya dakika mbili za haya. Lakini utapima wewe. Wa kaswida namweka upande wa Wete. Sauti ni nyepesi kuliko video, ila anaijaza kila siku. Msafiri anza kumuulizia kwa aliyemleta bandani. Ukimkosa, basi umemtafuta.

Kusema waziwazi nako sitokupambia. Mke wa ami anaweza kukasirika, na hasira ya mtu aliyekulea ni nzito. Binti anaweza kulia, na akalazimika kuwaendea watu wanne kuwaambia harusi zao hazipo, wengine watadai pesa zao. Wete si kubwa. Neno likitoka ukumbini asubuhi, jioni limeshafika kwa watu wa posa, na huenda likafika limeongezwa chumvi. Inawezekana wakasita. Sina uwezo wa kukuahidi kuwa ukweli utapokewa vizuri kwa kuwa tu ni ukweli.

Ila nakuuliza, maana wewe unamjua na mimi simjui: huyu mama akiulizwa habari zako, hivi sasa anasema nini? Bila shaka anakusifu. Na sifa hizo anazitoa huku hajui. Siku atakapojua, kama atajua kwa mtu mwengine, atakuwa amekusemea kwa watu jambo ambalo ulimwachia aliseme gizani. Je, hilo unaweza kukaa nalo? Wapo wanaoweza, na maisha yakaenda. Sikuulizi kwa kukusuta. Umeniandikia kurasa tatu kwa mkono, kwa hiyo nadhani jibu lako unalihisi kidogo.

Kuhusu pesa, nimeona umeziweka zote kwenye kikapu kimoja kisha ukaogopa uzito wake. Si lazima watano walipwe siku moja, wala si lazima wote watake pesa. Mwalimu huenda akaridhika na hard disk ya mtumba uliyoipima, yenye gigabaiti 500 za kweli. Hizo 160,000 ukiamua ziende kwanza kwa aliyeumia zaidi, zinatosha kuanzia mazungumzo. Na mchezo una watu ndani yake. Zamu hubadilishwa mtu akifikwa na jambo, ukimwomba mwenye zamu ya karibu. Hatari yake ni kuwa atauliza sababu, basi nenda na jibu.

Muuzaji wa Kariakoo mrudie ukipenda, ila usiweke matumaini mengi. Bidhaa bandia kwa upande wa Bara zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC, na unaweza kupeleka malalamiko. Lakini popote utakapofika, kitu cha kwanza kuulizwa ni risiti, nawe huna. Usingojee pesa ya kwake ndiyo uwatazame wateja wako.

Jambo moja dogo unifanyie kwa ajili ya binti. Harusi zilizopotea zikijulikana, watatokea mafundi wa kumwambia tupe laki mbili tuzirudishe. Unajua vizuri, wewe umeifungua kwa bisibisi: kilichotupwa nje ya zile gigabaiti 59 hakikuwahi kuandikwa pahala, na kilichoandikiwa juu kimeondoka. Mwambie mapema asije akatapeliwa mara ya pili.

Na safari ijayo ya Kariakoo, nunua moja, rudi nayo, ipime kwa ile H2testw au kwa F3, zote ni za bure, iandike mpaka ijae na isome mpaka mwisho, ndipo ufuate nyengine tano. Ni nauli ya boti mara mbili, najua, na faida yenyewe ni nyembamba.

Ukitaka mtu wa kukaa nawe kwenye mazungumzo ya Wete, fikiria mtu mzima wa upande wa ami yako anayekupenda bila kukudekeza. Ukitaka kwenda peke yako, boti ya Pemba ipo. Kwa simu inawezekana pia, ingawa mimi mambo kama haya napenda mtu anione uso. Lakini kabla ya yote hayo, mpigie binti leo kuhusu zile kadi za kamera. Kisha niandikie, uniambie umekuta ngapi.

Shangazi yako